Ukurasa wa Kusema Kweli

Kila siku baada ya masomo, wanachama wa klabu ya hadithi walijazana katika chumba cha kompyuta. Walikuwa wakitengeneza tovuti ya hadithi ambazo msomaji mwenyewe huchagua njia: akibonyeza hapa mambo yanakwenda hivi, akibonyeza pale yanakwenda vingine. Msichana waliyemwita Kasuku, kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika, aliandika juu ya mtoto aliyevunja dirisha la jirani. Je, ajifiche au aseme kweli? Rafiki yake, Fundi, ndiye aliyepachika kurasa zote kwenye tovuti.

Siku ya uzinduzi wazazi walifurika. Mama yake Kasuku, mshonaji, tepu ya kupimia bado ikining'inia shingoni, alipewa heshima ya kubonyeza kwanza. Akachagua "Sema kweli." Ukurasa ukafunguka mweupe pe. Akabonyeza tena, hola. Watu wakaanza kucheka chini chini.

Kasuku alipandwa na hasira. Akamnyooshea Fundi kidole mbele ya kadamnasi, akadai amemfutia kazi yake. Fundi akafura, akasema kurasa za njia hiyo hakuwahi kupewa. Wapi! Nani angemsikiliza? Mwalimu aliyeisimamia klabu alikunja uso, akamwamuru atoke na klabuni asirudi tena.

Mtoto wa watu akatoka. Na Kasuku, haya hana, alijua fika ukweli ni upi. Njia ya kujificha aliiandikia kurasa saba, mbwa na mbio hadi mapaani. Ya kusema kweli hakuiandikia hata neno, kisha akamwambia mwalimu kazi imekwisha. Aliona hakuna atakayeichagua.

Mama akamgeukia. "Mwanangu, nilitaka kujua huyo mtoto wa hadithi yako alijibiwa nini aliposema kweli."

Kasuku akatazama mlango ambao Fundi alitokea.

"Sijui, mama. Sikuiandika. Fundi hana kosa."

Mwalimu alighadhibika upya, safari hii hata na nafsi yake. Akamrudisha Fundi, akamtaka radhi mbele ya wazazi. Kasuku naye akaomba msamaha, lakini Fundi akaenda kuketi mbali naye. Hasira ilikuwa haijamtoka, na nani angemlaumu?

Siku tatu baadaye Kasuku alileta ukurasa uliokamilika. Fundi akaupachika, akausoma mpaka mwisho, kisha akamsogezea kiti.

"Nilihukumu kabla ya kusikiliza, nanyi msiige," mwalimu aliwaambia wanachama. Akamgeukia Kasuku. "Kazi usiyoifanya, sema hujaifanya. Njia ya mwongo ni fupi, hata ukiiandikia kurasa saba."