Herufi Mbili Kwenye Kioo

LI.

Herufi mbili tu, kisha mashine ikaganda.

Gamaliel aliizima, akahesabu mpaka kumi, akaiwasha tena. Diski ilikwaruza kidogo ndani ya ile laptop nyeusi, Toshiba. Kioo kikapata mwanga.

LI.

Ilikuwa saa saba na dakika ishirini mchana, Ijumaa, Oktoba 1997. Chumba cha nyuma cha duka la redio la Damayanti, mjini Bukoba, kilinukia bizari. Mezani kulikuwa na bisibisi, disketi sita, redio ya mkononi ya Motorola na bastola, Browning, juu ya gazeti la juzi.

Amri kutoka makao makuu ya polisi, Dar es Salaam, ilikuwa ya maneno saba.

FUNGUA NDIZI. SOMA. ZUIA KABLA SAA KUMI.

Ndizi ndiyo hiyo laptop. Siku ya Jumanne, Gamaliel mwenyewe aliikamata karibu na Izigo, baada ya mgeni mmoja kuruka kutoka kwenye Land Cruiser na kutokomea migombani. Ndani yake kulikuwa na habari za shehena ya silaha inayovushwa ziwani kupelekwa vitani. Bandari ipi, chombo kipi, hakuna aliyejua.

Jumanne hiyo mashine iliwaka vizuri. Aliiona kwa macho yake ikimwuliza achague: Windows 95 au Linux. Mifumo miwili, diski moja. Kisha ikataka neno la siri, akaizima na kumkabidhi mkubwa wake, Ta Protase.

Leo haichagui chochote.

Motorola ilikoroma.

"Senene, Mkungu hapa. Niko Birere. Imefunguka?"

"Bado, Mkungu."

"Hiyo imekufa, mdogo wangu. Usijisumbue. Waambie Dar imekufa."

"Nijaribu kidogo, Ta Protase."

"Haya. Rakini usipoteze siku."

Damayanti alichungulia mlangoni akiwa na vikombe viwili vya chai. Alikuwa mjane wa miaka sitini, na duka lake lilikuwa moja kati ya machache ya Wahindi yaliyobaki mtaani hapo.

"Birere!" alicheka. "Miaka arobaini niko hapa, sijasikia mtu wa kwenu akisema Bilele."

"Mimi nasema, mama."

"Wewe walikuchapa shuleni."

"Walinichapa sana."

Alikunywa chai, akarudi kazini. Hakuwa amesomea kompyuta popote. Alizijua kwa kuzifungua na kuzifunga, na kwa kitabu kimoja kisichokuwa na jalada. Kitabu kilisema programu ya kuchagua mfumo inaitwa LILO. Inapowaka inaandika jina lake herufi moja moja, na kila herufi ni hatua. Ikikwama kwenye LI, maana yake imeifikia faili yake ya kuwashia lakini imeshindwa kuitumia.

Mara nyingi sababu ni moja. Mtu amebadilisha faili hiyo, halafu hakuiandikisha upya.

Mtu.

Mashine haijibadilishi yenyewe ikiwa kabatini.

Alichomeka disketi yake yenye Linux ndogo. Mashine ikawaka kwa disketi, ikaiacha diski imelala. Hakuna aliyemwuliza neno la siri. Akaifungua diski taratibu, kama mtu anayeinua kifuniko cha chungu cha moto.

Faili ya kuwashia ilikuwapo. Tarehe yake: Jumatano, saa moja na dakika kumi asubuhi.

Jumatano asubuhi laptop ilikuwa kwenye kabati la chuma ofisini, Bilele. Kabati hilo lina ufunguo mmoja, wa mkubwa wake.

Hapana, aliwaza. Tuangalie kwanza.

Linux huweka kumbukumbu ya kila amri inayochapwa. Wengi hawajui. Akaifungua kumbukumbu hiyo.

rm kemondo16.txt
cp /floppy/boot.b /boot/boot.b
riro
riro
RIRO
halt

Aliisoma mara tatu.

Mtu alifuta faili. Akaleta faili nyingine ya kuwashia kwa disketi, ili Linux isionekane tena na mashine ifungue Windows peke yake. Ilibaki amri moja ya kuandikisha badiliko hilo, amri ya herufi nne. Neno la siri na amri nyingine huenda aliandikiwa; hii bila shaka alisomewa kwenye simu, akaandika alivyosikia. Mashine ikakataa. Akarudia. Akajaribu kwa herufi kubwa. Akazima.

Lilo. Riro.

Kwa miaka minane Gamaliel alikuwa akisahihisha ripoti za Ta Protase kabla hazijaenda Dar. Birere. Mureba. Rakini. Alizisahihisha kwa upendo, kama mtu anavyomwondolea kaka yake uzi begani.

Miaka minane. Mwaka ule wa kwanza walifanya omukago, udugu wa hiari. Zamani watu wawili walichanjana, wakagawana buni za tunda moja zikiwa na damu. Wao hawakuchanjana. "Damu ya siku hizi unaijua mwenyewe," Protase alisema, maana mwezi huo alikuwa amezika kaka wa tatu kwa Ukimwi. Wakatafuna kahawa kavu, wakapeana mkono.

Gamaliel alitazama tena mstari wa kwanza. Ili kufuta jina la faili, ni lazima kwanza uliandike.

Kemondo. Kumi na sita, kwa saa za kijeshi. Bandari ya Kemondo, saa kumi alasiri.

Alibonyeza Motorola.

"Mkungu, Senene hapa. Ulisema kweli. Imekufa."

"Pore sana. Nenda nyumbani upumzike."

Nyuma ya sauti hiyo honi ililia, nzito na ndefu. Honi ya meli.

Bilele hakuna meli.

Alichukua simu ya dukani, akampigia Sajini Aroni wa kituo cha Kemondo.

"Aroni, kuna katoni zinapakiwa hapo?"

"Zipo, afande. Maji ya dripu ya wagonjwa. Ta Protase mwenyewe anasimamia."

"Leta watu wanne. Msimwambie mtu. Mnisubiri."

Akafunga kifuniko cha laptop. "Mama, mtu asiiguse."

"Imepona?"

"Bado."

Pikipiki yake, Honda, ilinguruma kwenye barabara ya kusini. Migomba, makaburi mapya yenye misalaba ya mbao, migomba tena. Saa tisa na nusu alikuwa bandarini.

Boti ya chuma ilikuwa tayari. Katoni arobaini, zote zimeandikwa MAJI YA DRIPU. Protase alisimama gatini na koti lake la kijivu. Alimwona, akatabasamu, tabasamu likakatika katikati.

"Gama. Nirikuambia upumzike."

"Uliandika riro, Ta Protase."

"Niriandika nini?"

"Riro. Mara tatu."

Kwenye boti mtu alivuta kamba ya injini. Boti ikaanza kuachana na gati.

Gamaliel alichomoa Browning.

Risasi mbili.

Injini ya Yamaha ikatema moshi, ikanyamaza. Aroni na watu wake wakaruka ndani, bunduki mkononi. Mwendesha boti akainua mikono. Aroni akapasua katoni moja kwa kisu. Juu chupa sita za dripu. Chini yake magazini za AK, zimepangwa kama samaki waliokaushwa.

Mkono wa Protase ulikuwa umeingia kotini.

"Usinifanyie hivyo, kaka," Gamaliel alisema.

Mkono ukatoka. Haukushika bastola. Ulishika kifurushi kidogo cha jani la mgomba, kile cha kahawa ya kutafuna ambacho hakikosi mfukoni mwake.

"Wariniahidi zire dawa mpya," alisema polepole. "Za Uraya. Za Klaudia."

Klaudia alikuwa mkewe. Gamaliel hakuwa amejua kwamba anaumwa.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungefanya nini?"

Gamaliel alishusha bastola.

"Walikuletea?"

"Disketi tu." Protase alifungua kifurushi, akamnyooshea buni. "Tafuna, waitu, ndugu yangu. Ya mwisho."

Gamaliel aliipokea, akaitia mfukoni.

"Pingu mbele, Aroni, siyo mgongoni," alisema. "Na mtu aende kwa Ma Klaudia kabla hajasikia redioni. Aende mtu mzima."

Akageuka, akatembea mpaka kwenye Honda. Hakutazama nyuma. Nyuma yake Protase alikohoa, mara moja, kikohozi ambacho Bukoba nzima ilikuwa inakijua.

Saa kumi na mbili jioni alikuwa tena mezani kwa Damayanti. Alinakili kumbukumbu ya amri kwenye disketi mbili. Faili iliyofutwa bado ilikuwa imetawanyika ndani ya diski, vipande vipande, na angeweza kuiokota kipande kwa kipande. Ndani yake bila shaka kulikuwa na majina mengine. Huenda ni ya watu anaowaamkia kila asubuhi.

Damayanti aliwasha taa.

"Unaandika nini?"

"Neno moja tu, mashine iwake kama zamani." Alichapa l, i, l, o. Kidole kikasimama juu ya kitufe cha mwisho.

Akaondoa mkono.

"Mbona humalizi?"

"Kesho, mama. Leo nimesoma ya kutosha."

Alifunga kifuniko, akaiweka buni juu yake, akavaa koti, akatoka.