Misumari ya Dirisha la Esha

Julai 1992, Makambako ikiwa na baridi ya kuganda, Esha, mke wa Awadhi mwenye malori, aliamka amelowa jasho. Alifungua dirisha la mbao, akalala. Ikawa hivyo kila usiku.

Muuguzi mmoja mjini Njombe alimweleza. "Mama, hedhi yako inakoma. Homoni zikishuka, joto linapanda na usingizi unakatika. Wengi wa umri wako wanapitia hayo. Lala dirisha likiwa wazi."

Wifi yake, Shamimu, alicheka. "Sisi tunagombania blanketi, wewe unajipepea."

Awadhi hakucheka. "Usingizini unamwambia nani asogee?"

Usiku mmoja Awadhi akiwa safarini Ludewa, Esha alisikia harufu ya nywele zilizoungua, na upande wa mumewe godoro likabonyea.

Mganga Kheri aliitwa. Alipigilia dirisha misumari minne. "Jini anaingilia hapa." Kisha akaweka jiko la mkaa lenye ubani kando ya kitanda, akaagiza mlango usifunguliwe hadi alfajiri.

"Kaka," Shamimu alinong'ona, "mkaa ndani ya chumba kilichofungwa? Watu wamelala hivyo wasiamke."

"Mganga anajua kazi yake. Hili likishindikana, Esha atarudi kwao Tanga."

Awadhi alifunga mlango kwa nje, akaenda kulala sebuleni.

Kichwa cha Esha kilikuwa kizito, miguu haikumtii, na joto lilipompanda kutoka kifuani hadi shingoni, harufu ya nywele zilizoungua ikaushinda ubani, godoro likabonyea upande wa Awadhi, akataka kumwita Shamimu lakini sauti haikutoka, na karibu na sikio lake akasikia mtu akivuta pumzi, kisha kule dirishani msumari ukalia ndani ya mbao, taratibu, kama unaong'olewa kwa vidole, na baada yake mwingine.

Alfajiri Shamimu alifungua mlango. Dirisha lilikuwa wazi. Esha alikuwa hai, amelala fofofo, shuka limelowa.

Kheri alitazama dirisha, akachukua mkoba wake, akaondoka bila kunywa chai. Awadhi hakuvuka kizingiti.

Misumari yote minne ilikuwa juu ya mto wa Awadhi, imepangwa, imenyooka. Shamimu aliigusa. Ilikuwa ya moto.