Nusu ya Ubeti

Wiki moja kabla ya Idi, barabara ya wauza vitambaa jijini Kuala Lumpur haipitiki. Kila familia imekwisha kuchagua rangi yake ya sikukuu, na rangi hiyo lazima ipatikane, mtu atake asitake. Izzati, fundi wa kushona nguo za kike, alikuwa amekumbatia majora mawili, mtandio umemlegea na jasho linamtiririka, aliposogezewa puani kipande cha nguo kisichozidi upana wa kidole gumba.

"Samahani, dada. Hii ni rangi gani?"

"Kijani."

"Kijani nakiona. Mama anasema kuna kijani cha namna arobaini, na nikikosea nisirudi nyumbani."

Izzati aliinua macho. Kijana mrefu, shati jeupe lililopigwa pasi likanyooka, kofia nyeusi imekaa vizuri kichwani, na uso umepotea kabisa.

"Hicho ni kijani cha jani changa la mgomba," alisema. "Na kina nyuzi za dhahabu, huzioni? Mama yako ana macho. Wewe umewekewa mapambo tu."

"Basi niazime yako kidogo."

Alimwazima. Alimkokota hadi duka la tatu, akambana muuzaji mpaka akashusha bei, akampimia mita zake. Kijana alijitambulisha kwa jina la Fakhrul, akaomba namba ya simu, eti kitambaa kikipelea amjue wa kumlaumu. Jioni ile, baada ya futari, ujumbe uliingia:

*Kitambaa cha kijani,*
*kimefumwa kwa dhahabu...*

Basi. Hakuna zaidi. Izzati alijua, kama ajuavyo mtoto yeyote wa Kimalei, kwamba hiyo ni nusu. Mishororo miwili ya kwanza ya pantuni, ubeti wa Kimalei wa mishororo minne, ni kivuli tu: hutaja mvua, samaki, kitambaa, chochote kile, ili kuandaa vina. Maana huja katika miwili ya mwisho. Alilala akitabasamu huku akiingoja maana.

Maana haikuja. Ilipita Idi ile na nyingine mbili. Walikula pamoja, walicheka pamoja, na siku mkanda wa kiatu cha kijani cha Izzati ulipokatika stesheni, Fakhrul alichuchumaa mbele ya watu akaushona kwa uzi mwekundu aliokuwa nao Izzati mkobani. Ila kila mazungumzo yalipokaribia ndoa, ilikuja mishororo miwili ya kivuli, halafu kimya. Na huyo ndiye aliyekuwa msemaji wa posa anayesifiwa kuliko wote mjini! Familia zilimpigania awe mdomo wao, kwa sababu posa ya Kimalei hailetwi kwa maneno makavu. Alikuwa amewaoza watu mtaa kwa mtaa kwa beti zake kamili.

Jumatano moja Izzati alimpigia simu.

"Jumamosi watu wanakuja Kajang kwa mama. Wanakuja kuniulizia."

Alisikia kikombe kikigonga sahani. "Watu gani?"

"Mama mmoja mteja wangu ana mtoto mhandisi. Unasemaje?"

"Nitakuandikia, mpenzi."

"Usiniandikie, Fakhrul. Sema."

Simu ilikatika. Baada ya dakika kumi uliingia ujumbe:

*Mvua yapiga paa,*
*paka kajikunja ndani...*

Alimpigia tena kwa hasira. "Malizia!"

"Jamani, mtu mwenye akili kama wewe ndiye wa kumaliziwa?"

"Naweza kuumalizia kwa namna kumi. Tano unanioa, tano unaniaga. Yako ni ipi?"

"Izzati, moyo wangu unaujua."

"Siujui! Nakisia tu, kila siku nakisia," alisema, na safari hii akakata simu yeye. Alilia juu ya gauni la mteja mpaka likalowa begani.

Jumamosi saa nne asubuhi alikuwa ameketi kitandani kwa mama yake, amevaa gauni la rangi ya zambarau asilolipenda, ubani umejaa chumba kizima. Hapo mlangoni palining'inia pazia tu. Upande wa pili, mikekani, walikaa mama yake, Mjomba Jalil aliyekuwa msemaji wa nyumba, na wageni waliopanda ngazi mmoja mmoja baada ya kuvua viatu. Mhandisi mwenyewe hakuwamo, kama desturi inavyotaka. Izzati alikwisha kuamua: watu wakiwa wema, atakubali. Alikuwa na miaka thelathini na moja, na amechoka.

Kijaluba cha tambuu cha wageni, ambacho hufunguliwa posa ikikubaliwa, kilisukumwa mbele. Msemaji wa wageni akakohoa, akaanza.

"*Kitambaa cha kijani, kimefumwa kwa dhahabu...*"

Izzati alishika ukingo wa kitanda. Sauti ile angeitambua hata sokoni. Fakhrul alinyamaza, na kimya chake kikawa kirefu kupita adabu, hata mtu mmoja akaguna. Halafu akamalizia, taratibu, kwa sauti iliyokwaruza:

"*...mgeni yu mlangoni, anangoja lako jibu.*"

Wazee walipiga makofi. Ubeti ulikuwa umesimama, vina vimekaa, maana imefika. Nyuma ya pazia Izzati aliona kama amepigwa kofi. Kumbe mishororo miwili ya mwisho ilikuwepo! Miaka miwili ameisubiri, na leo imetolewa kwa niaba ya mwanamume mwingine.

Mjomba Jalil aliingiza kichwa kwenye pazia. "Mwanangu, tuwajibu nini?"

Alimnong'oneza. Mjomba alirudisha kichwa nyuma kama aliyeungua. "Hilo siwezi kulisema. Halina kivuli. Huwezi kumrushia mgeni maana tupu, ni tusi."

"Basi nitalisema mwenyewe."

Na alilisema, kwa sauti, kupitia pazia:

"*Posa hii siitaki, wa moyoni hajasema!*"

Mishororo miwili ya mwisho, haina ya mwanzo, haina hata vina vya kushikana navyo. Mama wa mhandisi alisimama. "Tumetukanwa," alisema, akachukua kijaluba chake ambacho hakikufunguliwa. Ngazi zililia kwa miguu ya watu, magari yakawashwa, yakaondoka. Mama yake Izzati aliketi pale pale, hakumtazama binti yake aliyetoka chumbani.

"Miaka yote nimekufundisha adabu," alisema. Hilo ndilo lililomuuma Izzati zaidi.

Fakhrul hakuondoka na wenzake. Alikuwa amesimama chini ya ngazi, kwenye jua, kofia mkononi. Izzati alitoka barazani.

"Ulijua ni nyumba hii?"

"Kajang ina nyumba elfu. Sikujua, nilipofika hapa ndipo..." Alitazama chini. Kando ya mguu wake kulikuwa na kiatu cha kijani chenye uzi mwekundu. "Niliona viatu."

"Uliviona viatu, ukapanda ngazi?"

"Nilipanda."

"Ukaniposa kwa niaba ya mtu mwingine!"

"Watu walikuwa nyuma yangu, Izzati, wazee wazima, nimekwisha kukubali kazi yao. Lakini nilipofika kwenye neno *mgeni*, nilikuwa nasema kwa niaba yangu."

"Nani alijua hilo?"

"Wewe."

"Mimi nimechoka kujua peke yangu." Machozi yalimtoka na hakuyafuta. "Kwa nini siku zote ni nusu?"

Fakhrul aliizungusha kofia mikononi. "Mwanzoni niliona ni heshima. Kumpa mwanamke nusu ni kumwambia ana akili ya kujaza iliyobaki. Halafu..." Aliacha kuizungusha kofia. "Nusu ya kwanza haijaomba kitu. Hakuna anayeweza kuikataa."

Mama yake Izzati alikuwa amefika mlangoni bila wao kumsikia. "Wewe ndiye huyo ambaye hajasema?"

"Ndimi, mama."

"Basi sema. Nyumba yangu imekwisha kuaibika kwa ajili yako."

Mdomo uliosifiwa mjini kote ulifunguka ukafungika. Kisha maneno yakatoka, yamevunjika, hayana urari wowote: "Nataka kumuoa Izzati. Yaani, nilitaka tangu zamani. Naogopa utakataa. Kuanzia leo nadhani hata kazi sina."

Izzati alisikiliza mpaka neno la mwisho. Vina havikuwemo popote, na hakuwahi kusikia kitu kizuri kama hicho. Lakini mama alikuwa ameukunja uso.

"Hivyo hivyo? Maana tupu imenitia aibu mara moja leo. Katika nyumba hii binti haombwi kama chumvi."

Fakhrul alitafuta ubeti. Ilionekana wazi alivyotafuta, midomo inacheza, na hakuna kilichokuja. Macho yalimwiva.

Izzati alishuka ngazi mbili. Alimtazama, akasema polepole, sauti yake bado ina kilio:

"*Kitambaa cha kijani, kimefumwa kwa dhahabu...*"

Fakhrul alimwangalia yeye, kisha akamgeukia mama yake Izzati.

"*...mgeni yu mlangoni, anangoja lako jibu.*"

Mama aliuliza: "Binti yangu amengoja miaka mingapi?"

"Miwili, mama."

"Basi mgeni na angoje," alisema, akaingia ndani.

Fakhrul aliketi kwenye ngazi ya chini kabisa, karibu na viatu, jua linampiga kichwani. Izzati aliingia jikoni, akarudi na kikombe kimoja cha chai, akakiweka kati yao. Alikuwa bado amemkasirikia na hakumwambia neno, ila aliketi naye pale pale kungoja.