Nilivyomeza Dawa ya Dada Yangu

"We Placidia! Hivi ni vitu gani?!"

Vidonge vilikuwa vimemwagika kutoka kwenye pindo la kanga yangu... Vimetapakaa juu ya kahawa tuliyokuwa tunaanika.

Na dada yangu Deodatha alikuwa chini! Macho yamemtoka, jasho linamtiririka, moyo unamdunda mpaka gauni linatikisika!

Aliyeuliza ni mume wake, shemeji Rwegoshora.

Nikainama kuviokota.

"Hiyo si dawa ya mke wangu?"

Jamani mnaonisoma, ngojeni kwanza. Nitawaambia yote, hata yanayonitia aibu.

Mwaka ni 1953, hapa Nyaishozi. Mwaka jana dada alikonda vibaya, na huku anamaliza sinia la ndizi peke yake. Mikono ikawa inatetemeka, shingo ikavimba. Majirani wakasema karogwa!

Hospitali ya misheni wakasema hapana. Tezi la shingoni linafanya kazi kupita kiasi, linamwaga homoni nyingi mwilini. Wakampa vidonge vya kulituliza.

Akanenepa! Akapata usingizi. Na shingo yake ikapungua...

Hapo ndipo tamaa iliponiingia.

Maana hata mimi nilikuwa na uvimbe shingoni, mkubwa kuliko wake. Na nilikuwa nimechumbiwa na Rwezaura wa Chonyonyo. Shangazi zake walishaanza kunong'ona:

"Watoto nao watatoka na shingo kama hiyo?"

Nikaanza kuiba. Kidonge kimoja kimoja, dada akiwa shambani.

Mawe! Badala ya kupungua, shingo ikazidi! Nikawa nasikia baridi juani, uso umejaa, nasinzia huku namenya ndizi. Nikajiambia dawa haijatosha.

Nikaongeza!

Dada naye akaanza tena kutetemeka. Nilimwona kabisa.

Nikanyamaza.

Mpaka siku hiyo alipoanguka.

Wanaume wakambeba kwa machela mpaka hospitali. Shemeji hakunitazama njia nzima.

Daktari alipomaliza kumshughulikia dada, akanigeukia.

"Na wewe, hiyo shingo umeifanya nini?"

Nikasema. Nilikuwa nameza vidonge vya dada.

"Binti, dawa hii ni ya kulizuia tezi lililopitiliza. Lako halikupitiliza! Limevimba kwa sababu chakula chako hakina madini joto ya kutosha. Ukalizuia tena, likazidi kuvimba."

"Sikujua, daktari."

"Dada yako tulimwonya, akiumwa koo au akipata homa aache dawa na aje hapa mbio, maana mara chache inaharibu damu, mwili ukakosa kinga. Wewe nani alikuonya?"

"Hakuna..."

"Na yeye ndiyo hivyo. Dawa imepungua, ugonjwa umemrudia kwa nguvu."



Siku dada alipoweza kukaa kitandani, shemeji alinisukuma mbele.

"Mwambie mwenyewe!"

Nikapiga magoti.

"Dada, nisamehe. Ni mimi niliyekuwa naiba dawa yako."

"Najua."

"Unajua?!"

"Nilikuona tangu mwanzo, siku niliyowahi kurudi shambani. Nikadhani ugonjwa wangu umekupata na wewe, unaona haya kusema kabla ya harusi. Nikawa naruka siku, nisimeze, ili vikutoshe wewe."

Shemeji akatoka nje.

Mimi nikabaki pale pale sakafuni. Dada angenizaba kofi ningepumua! Hakunizaba. Alinipangusa machozi kwa mkono ule ule unaotetemeka...

Dada amerudi nyumbani, lakini moyo wake umechoka. Hawezi tena kubeba mkungu wa ndizi. Namchotea maji mimi. Rwezaura nilimweleza kila kitu, akasema atanioa na shingo yangu hii hii. Inapungua polepole, kwa dawa ya madini joto niliyoandikiwa mimi mwenyewe. Furaha ya harusi ndiyo siioni.

Ndugu zangu, msimeze dawa ya mtu kwa kuwa tu ugonjwa wake unafanana na wenu kwa macho. Nendeni mpimwe!

Na wewe unayemwona nduguyo akiificha dawa yako, muulize. Usimhurumie kimya kimya.

Ingawa, kama dada angeniuliza... ningesema kweli?

Sijui. Hilo ndilo linaloninyima raha mpaka leo.