Zerani Hakumwamkia Mfalme

Siku hiyo kibanda umiza cha Mudi, cha kuonyeshea video pale Mikumi, kilijaa hadi nzi wakawa wanaingia kwa zamu. Sikuzani, fundi cherehani wa Magomeni, Kilosa, alikuwa amefuata vitenge vinavyoshushwa na malori ya Tunduma. Mvua ikamkimbiza ndani, gauni lake la kijani limemganda mwilini.

Kwenye runinga, Zerani, shujaa mwenye upanga unaoongea, alisimama mbele ya mfalme aliyemtumikia miaka yote. Wenzake wakapiga magoti. Yeye akabaki wima. Mudi, ambaye hutafsiri tamthilia kwa kipaza sauti huku anatafuna karanga, akanguruma:

"Mfalme, leo shikamoo hupati!"

Kibanda kikalipuka. Huko hifadhini twiga wawili waligeuza shingo, na ya mmoja mpaka leo haijanyooka.

"Wameharibu," Sikuzani akasema.

Kijana wa mbele yake akageuka. Ovaroli ya bluu, viganja vyeusi kwa matairi, meno meupe ungedhani ameyaazima.

"Wameharibu nini, dada?"

"Huyo Zerani. Jana kambebea mfalme viatu, leo kaasi. Mtu haasi kama anayepiga chafya."

"Kachoka! Uchovu nao utangazwe redioni?"

"Uonekane. Angeanza kuchelewa akiitwa. Angeacha kula mezani kwa mfalme. Kidogo kidogo, hata sisi watazamaji tungejua."

"Sasa hiyo ni tamthilia au ni ujenzi wa nyumba?"

Sikuzani akacheka bila kupenda, na hapo ndipo alipokwisha. Kijana aliitwa Lupakisyo, fundi matairi kando ya barabara ya Iringa. Alimsindikiza hadi stendi wakibishana, na basi la Kilosa lilipoondoka, namba zilikuwa zimeshahamia kwenye simu.

"Mama Cherehani, umekula?"

"Nitakulaje, na wewe unamtetea Zerani?"

"Basi nimemtupa. Kula, kipenzi."

Miezi ikaenda hivyo. Kisha mambo yakaharibika. Mjomba Ditram, aliyemlea Sikuzani tangu wazazi wake wafariki, alipokea posa ya Samwel, mwenye mashamba ya mpunga Tindiga, bila kumuuliza mwenyewe.

"Mkatalie," Lupakisyo akasema kwenye simu.

"Nitakataa. Niachie mimi. Namjua mjomba, ukimsukuma anageuka nguzo."

"Lini lakini?"

"Lupa, niachie."

Akaanza. Samwel alipoleta gunia la mchele, Sikuzani hakulipika. Lilikaa pale mlangoni, panya wakaogopa hata kulinusa. Alipoletewa khanga, akazirudisha zikiwa zimekunjwa vizuri. Akahamishia cherehani kwenye chumba cha kupanga karibu na soko, kisha godoro likafuata. Kila asubuhi alipita kumwamkia mjomba kwa adabu zote, na kila asubuhi hakuzungumzia harusi. Mjomba akanuna. Akafikiri. Ijumaa moja akakohoa.

"Binti, nimekuelewa. Jumapili nitakwenda Tindiga kurudisha posa ya watu. Huyo wako wa matairi aje baadaye, nimwone."

Sikuzani alitaka kumwambia Lupakisyo habari hiyo ana kwa ana, aone meno yale. Kwenye simu siku zote alikuwa akijibu kwa kifupi, maana kuta za Magomeni zina masikio na midomo pia. Lupakisyo naye, kule Mikumi, alikuwa ameshasikia kwa wapita njia kwamba gunia la Samwel limekaa mlangoni kwa akina Sikuzani. Akaona mchumba wake ameikubali posa, amepiga magoti.

Jumamosi akatokea uani kwa mjomba, suti nyeusi ya kuazima imeishia juu ya kifundo, viatu vinang'aa. Sikuzani, aliyekuwa anamwanulia mjomba nguo, akataka kumkimbilia. Akauona uso wake, akasimama. Mjomba Ditram aliinua macho kutoka kwenye kigoda, akingoja kuamkiwa.

"Mzee," Lupakisyo akasema, "leo shikamoo hupati. Nimekuja kumchukua mchumba wangu."

Hata kuku waliacha kuchakura.

"Marahaba," mjomba akajibu polepole. Akainuka, akaingia ndani, akafunga mlango.

"Umefanya nini?"

"Nimeasi kwa ajili yako, Siku!"

"Nilikuwa nimeshaasi! Kesho alikuwa anairudisha posa! Gunia halijafunguliwa, nimehama nyumba, wewe ulikuwa wapi?"

"Hukuniambia."

"Nilikuambia uniachie."

Jumapili mjomba hakwenda Tindiga. Lupakisyo alituma wazee wa kwao, akaja Mudi mwenyewe bila kipaza sauti, na mwishowe mjomba akalegea. Akasema ujana ni homa, kijana arudi. Samwel naye alikuwa ameshachoka kungoja, amechumbia kwingine, huko Magole.

Njia ilikuwa wazi kabisa. Lupakisyo akapanda basi na pete mfukoni. Sikuzani akampokea stendi ya Kilosa, matope hadi kwenye vifundo, khanga kichwani kwa manyunyu.

"Mjomba kanisamehe," akasema Lupakisyo.

"Najua. Na mimi nimekusamehe."

"Basi twende nyumbani, mpenzi."

Sikuzani hakusogea.

"Lupa, miezi yote ile nilikuwa nimesimama peke yangu. Mjomba, niliyekuwa nampinga, aliniona. Wewe uliona nimepiga magoti."

"Nilikosea."

"Ulikosea. Lakini ndoa ni ndefu, na mimi ni mtu wa kidogo kidogo. Kila nitakaponyamaza utadhani nimekusaliti."

"Nitajifunza, Siku."

"Labda. Sina nguvu ya kungoja nione." Akamfuta tope begani kwa ncha ya khanga, akauacha mkono pale kidogo. "Panda, gari la Mikumi linajaa."

Akapanda. Hakuchungulia dirishani, na Sikuzani akashukuru kwa hilo.

Kesho yake Doris, jirani wa sokoni, akaja kuchukua gauni lake la kipaimara cha mwanawe. Akalinyanyua, akaligeuza, akaona mikono yote miwili ni ya kushoto. Akafungua mdomo apige kelele. Akamtazama Sikuzani usoni, akaufunga, akavuta kiti, akakaa naye.