Mchezo Uliokataa Kwisha

Kila siku baada ya shule, Helka Niskala alipitia nyumba ya vijana ya mji wa Nurmes kabla ya kurudi kwao. Alivua viatu mlangoni, akaingia na soksi zake za sufu mpaka chumba cha nyuma chenye kompyuta kumi na mbili za kuchezea. Mara nyingi alimkuta Tuure, rafiki yake tangu darasa la kwanza, amelala kifudifudi chini ya meza akipanga nyaya. Tuure alikuwa mtunzaji wa seva, ile kompyuta ya kumi na tatu inayowaunganisha wachezaji wote katika mchezo mmoja, na aliilinda utadhani kaizaa yeye.

"Soksi zako zimelowa," alisema siku hiyo bila kuinua kichwa. "Ukinikanyagia nyaya, nakutoa nje."

"Na mimi nimefurahi kukuona."

Helka alitania, lakini moyoni hakuwa na raha. Alipoingia alikuwa amelipita tena lile tangazo la mlangoni: "Jumamosi, Mchezo wa Barafu dhidi ya wageni wa Lieksa. Umetungwa na Helka Niskala." Mama yake alikwisha lipiga picha na kumtumia bibi, na bibi alikwisha waambia majirani.

Mambo yalianza wiki mbili nyuma. Raili, msimamizi wa nyumba hiyo, alisema vijana wamechoshwa na mchezo uleule wa kufyatuliana risasi kila siku. Akauliza nani anaweza kuandika msimbo, yaani maagizo ya kuiambia seva iendeshe mchezo kwa kanuni mpya. Mkono wa Helka ulipanda kabla akili haijaulizwa.

"Mimi naweza," alisema.

Hakuweza. Alihangaika siku tatu, na alichopata ni mchezaji aliyetumbukia kwenye sakafu na kuendelea kudondoka bila kufika chini. Siku ya nne alikuta mtandaoni mchezo wa msichana mmoja wa mji wa Oulu aitwaye Saimi. Badala ya risasi, wachezaji walirushiana mipira ya theluji. Aliyepigwa aliganda pale alipo, na aliyeganda aliyeyuka endapo mwenzake atasimama kando yake kwa sekunde tatu. Timu ikiganda yote, raundi imekwisha. Juu kabisa Saimi alikuwa ameandika: "Chukua, cheza, badilisha upendavyo. Jina langu tu usilifute."

Lilikuwa ombi dogo mno. Kuliacha jina lile kusingemgharimu Helka chochote, ila alikwisha sema "mimi", na neno hilo likitoka huwa gumu kulirudisha. Akalifuta. Katikati ya msimbo akalikuta tena, maana Saimi alipanga kwamba mchezaji akitoka, skrini zote zionyeshe: "Mwenzetu ametuaga. Karibu tena, asema Saimi." Sehemu hiyo ilikuwa na mistari minane. Helka hakuisoma. Aliona jina tu, akaifuta yote kwa mkupuo.

Alipoujaribu mchezo pamoja na wenzake ulikwenda vizuri, na sifa zikaanza kummiminikia. Sifa zile zilimbana kuliko lawama.

"Hii ya kuyeyuka umeifanyaje?" Tuure alimuuliza, macho yakimng'aa. "Nifundishe basi."

"Ni ndefu kueleza."

"Nina muda mimi."

"Siku nyingine, Tuure."

Siku nyingine haikuja. Kila Tuure alipouliza, Helka alipata kiu au alikumbuka kwamba mama anamsubiri.

Jumamosi wageni sita wa Lieksa, mji jirani, waliwasili, wakavua viatu, wakaketi na soksi zao mbele ya kompyuta kama wenyeji. Raundi mbili za kwanza zilikuwa raha tupu. Katika raundi ya tatu, mgeni mmoja mrefu alinyoosha miguu, waya ukachomoka, kompyuta yake ikazimika. Wenzake watano walipigana mpaka wote wakaganda. Raundi ilipaswa kwisha hapo, lakini haikwisha. Wachezaji watano walisimama kwenye skrini wakiwa barafu, hakuna wa kuwayeyusha. Wenyeji nao walizunguka na mipira ya theluji mikononi bila mtu wa kumpiga.

Tuure aliizima seva na kuiwasha upya. Raundi iliyofuata, msichana mmoja alitoka ili aongee na mama yake kwenye simu, na mchezo ukakwama vilevile.

"Jamani Nurmes," alisema yule mrefu, "hata seva yenu imepigwa na theluji?"

Kicheko kikazuka. Mwenyeji mmoja akanong'ona kwa sauti ambayo wote waliisikia: "Jana Tuure alikuwa ameifungua."

Raili alikuwa amesimama tangu asubuhi, na uvumilivu wake ulikuwa umebaki kidogo. "Ulifanya nini jana?"

"Nilipangusa vumbi tu," alisema Tuure.

"Tulikubaliana huifungui nisipokuwepo. Toka hapo mezani. Wiki ijayo nitatafuta mtu mwingine wa kuitunza."

Masikio ya Tuure yaliiva. Alinyanyuka, akaenda kukaa kwenye kizingiti cha dirisha, mikono mapajani, hajui aifanyie kazi gani.

Helka alikuwa amekwisha ielewa hitilafu. Seva ilijua timu ina watu sita. Mmoja ametoka, watano wameganda, nayo bado inamngoja wa sita agande, wa sita ambaye hayupo. Bila shaka katika ile mistari minane ulikuwamo mmoja wa kuiambia seva, "Huyu ameondoka, mtoe kwenye hesabu." Alikuwa ameutupa pamoja na jina la mwenyewe.

"Tunakula," alitangaza Raili. "Helka, una nusu saa. Ikishindikana, tunarudi kwenye mchezo wa zamani."

Wengine walikwenda kwenye makaroni ya kuoka. Helka alibaki mbele ya seva, akajaribu kuandika mstari wake mwenyewe. Mchezo ukakataa kabisa kuanza. Akaandika mwingine, ukaanza, lakini sasa kila mtu aliganda hata kabla ya kupigwa. Mchezo wa Saimi ulikuwa palepale mtandaoni, dakika mbili tu kuuchukua mzima mzima. Lakini raundi ya kwanza mtu akitoka, jina la Saimi lingetokea kwenye skrini kumi na mbili. Dawa ilikuwepo, ila chupa ilikuwa na jina la mwenyewe. Akiinywa, ataonekana. Asipoinywa, Tuure ndiye atakayeonekana mharibifu. Aligeukia huku na huku akitafuta njia ya tatu, na njia ya tatu haikuwepo.

Sahani ikatua kando ya kibodi.

"Kula kwanza," alisema Tuure. Alizungumza taratibu, macho chini. "Mchezo wako hauna kosa, Helka. Nimefikiria sana. Labda kweli jana niligusa kitu bila kujua."

Helka aliona aibu. Angeweza kuvumilia kama Tuure angemtukana. Kumwona akianza kuamini uongo ambao si wake ndiko kulikomshinda. Alisimama, akaenda moja kwa moja jikoni.

"Raili, si Tuure. Ni mimi. Mchezo ule sikuutunga. Ni wa msichana wa Oulu. Nilifuta jina lake, na nilipolifuta nikafuta na mistari ya kumwondoa mtu anayetoka."

Raili aliweka kijiko chini.

"Umeniambia mimi," alisema. "Lakini aliyefukuzwa mezani amefukuzwa mbele ya watu wote. Twende ukawaambie."

Zile hatua kumi kutoka jikoni mpaka chumba cha nyuma, ambako wengine walikwisha rudi na sahani zao, zilikuwa ndefu. Helka alisimama mbele ya vijana kumi na mmoja waliokuwa bado wanatafuna, akayasema yote, pamoja na jina la Saimi.

"Sasa wewe ulichotunga hasa ni nini?" aliuliza yule mrefu.

"Mtu anayetumbukia sakafuni na hafiki chini."

Walicheka, naye alijua wana haki ya kucheka. Tuure peke yake hakucheka.

Raili alimgeukia Tuure. "Nilikuhukumu kabla ya kukusikiliza. Kwa hilo nimekosa, na nakuomba radhi hapa hapa nilipokukosea. Seva ni yako. Turekebishie."

Tuure aliuchukua mchezo wa Saimi, akauweka kwenye seva jinsi ulivyo. Raundi ilipoanza, Raili mwenyewe alichomoa waya wa kompyuta moja. Jina la Saimi likatokea kwenye skrini zote, na timu ilipoganda, raundi ikaisha. Vijana wa Lieksa wakapiga meza kwa furaha.

Raili alimwita Helka kando. "Ukifika nyumbani utamwandikia Saimi, umweleze ulichofanya. Na lile tangazo la mlangoni utalibadilisha kwa mkono wako."

"Sawa."

"Sikia, mwanangu. Kuuchukua mchezo wake hakukuwa kosa, yeye mwenyewe aliuweka wazi uchukuliwe. Kosa ni kumfuta mwenye kazi ili sifa zibaki zako. Unaona ulivyojifungia? Hukuweza kumfundisha rafiki yako, wala kuomba msaada, wala kurekebisha kitu kilichoharibika mbele ya macho yako. Njia ya mwongo ni fupi, na mwishoni aliyegonga ukuta karibu awe mwenzio, si wewe. Kazi ya mtu ipe jina lake, na usilolijua sema hujui. Hapo ndipo mtu ataweza kukufundisha."

Helka alitikisa kichwa kukubali. Kisha akarudi chumbani na kusimama nyuma ya kiti cha Tuure.

"Tuure, ile ya kuyeyuka, mimi siijui," alisema. "Sijawahi kuielewa."

Tuure aliendelea kutazama skrini. Kisha akanyoosha mguu, akavuta kiti cha pembeni.

"Hata mimi bado," alisema. "Kaa tuisome. Na usifute kitu."