Barua ya Bima ya Cadno

Delyth Prosser ni mpishi katika shule ya msingi hapa Llanelli, mji wa Wales. Mumewe, Gethin, anaendesha gari la taka la halmashauri. Wana binti mmoja, Gwenno, mwenye miaka kumi, na mbwa mmoja, Cadno. Manyoya ya Cadno ni mekundu kama ya mbweha, na jina lake kwa Kiwelisi lina maana hiyohiyo.

Kila asubuhi nyumbani kwao ni vurugu ya furaha. Gethin anakunywa chai amesimama. Gwenno anatafuta soksi. Delyth anapaka mkate siagi. Cadno anakaa chini ya meza akisubiri kitu kidondoke. Delyth huweka kidonge cha Cadno ndani ya kipande cha jibini, naye hukimeza bila kujua. Bila kidonge hicho, mbwa huyo hujikuna mpaka ngozi inatoka damu.

Jumamosi moja ya Septemba, barua ilidondoka mlangoni. Delyth aliifungua huku anatafuna. Ghafla akaacha kutafuna.

"Gethin. Hii ni nini?"

"Barua."

"Naona ni barua! Watu wa bima ya Cadno wanasema malipo ya mwezi huu hayakupita. Tusipolipa ndani ya siku saba, bima inakatika."

Gethin alitazama ndani ya kikombe chake. "Nilisimamisha mimi. Benki."

"Bila kuniambia?"

"Ningekuambia, ungekubali? Wamepandisha, Del. Tulikuwa tunalipa pauni hamsini na mbili kwa mwezi, sasa wanataka sabini na moja! Tuna deni la kadi ya mkopo. Tuna deni la makochi. Tuna mkopo wa boila ya kupasha nyumba joto. Mimi nikatafuta cha kukata, nikamwona huyu hapa, mnene, amelala."

"Usimwite mnene," alisema Gwenno.

"Baba anatania, mwanangu," alisema Gethin, lakini hakucheka.

Delyth hakutaka kugombana mbele ya mtoto. Alichukua kapu la nguo mbichi akatoka uani. Upande wa pili wa ukuta, jirani yao Bi Rhiannedd Bowen alikuwa akianika mashuka. Bi Rhiannedd alifanya kazi miaka ishirini na miwili kwenye meza ya mapokezi ya zahanati ya wanyama, hadi alipostaafu. Watu wa mtaa huu wakiwa na paka anayekohoa, humwendea yeye kwanza.

"Mbona unazipiga nguo hivyo?" aliuliza. "Zimekukosea nini?"

Delyth alimpa barua juu ya ukuta, akamweleza alichofanya Gethin. Bi Rhiannedd alivaa miwani, akasoma mpaka mwisho, kisha akaita kwa sauti kubwa, "Gethin Prosser! Njoo hapa!"

Gethin alitoka na kikombe chake mkononi, kama mwanafunzi aliyeitwa na mwalimu.

"Niambie, kijana. Vidonge vya Cadno vinagharimu kiasi gani?"

"Sijui. Sijawahi kulipa."

"Hujawahi kulipa kwa sababu zahanati inadai moja kwa moja kwa watu wa bima. Ni pauni sitini kwa mwezi. Sasa piga hesabu. Umeokoa sabini na moja, halafu utatoa sitini. Umebaki na ngapi?"

Gethin aliweka kikombe juu ya ukuta, akahesabu. "Kumi na moja."

"Kumi na moja! Na mbwa wako hana kinga yoyote akivunjika mguu."

"Basi nitatafuta bima nyingine ya bei rahisi."

"Utaipata. Lakini kampuni mpya itauliza mbwa ana ugonjwa gani. Ngozi yake wataiacha nje. Ugonjwa aliokuwa nao kabla ya kujiunga, wengi wao hawaulipii. Ndiyo maana mtu hakati bima ya mnyama mgonjwa kwa hasira."

"Kwa hiyo tulipe tu na tunyamaze?" aliuliza Delyth.

"Nani kasema mnyamaze? Lipeni mwezi huu leo hii, isikatike. Halafu wapigieni simu. Watu wanaogopa simu hiyo, lakini ndiyo yenye nafuu. Nileteeni karatasi za bima."

Delyth alizileta. Bi Rhiannedd alizisoma juu ya ukuta, akazigonga kwa kidole.

"Oneni hapa. Mnalipia matangazo ya gazetini mbwa akipotea. Mnalipia matibabu yake nje ya nchi. Cadno ana pasipoti?"

Kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo, Gethin alicheka. "Hajavuka hata Swansea hapo jirani."

"Yatoeni. Na hapa, kikomo cha matibabu ni pauni elfu kumi na mbili kwa mwaka. Ulizeni bei ya elfu sita. Halafu kuna kiasi mnachobeba wenyewe kabla bima haijalipa. Chenu ni pauni mia moja kwa kila ugonjwa mpya. Mkikubali kubeba mia na hamsini, ada ya kila mwezi itashuka. Lakini msipandishe kiasi hicho kuliko uwezo wenu. Na hiyo mia na hamsini muiweke akiba kidogokidogo, mahali pasipoguswa."

"Na madeni?" aliuliza Gethin. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Bi Rhiannedd, mimi silali vizuri. Kila mwezi tunalipa, kila mwezi hayapungui."

"Mnalipaje?"

"Ninagawa sawasawa. Kila deni kidogo."

"Hapo ndipo mnapopotea. Lipeni kiwango cha chini kote, msiruke hata moja. Kinachobaki, chote, kiende kwenye deni lenye riba kubwa. Lenu ni lipi?"

"Kadi," alisema Delyth. "Riba yake inatisha."

"Basi anzeni na kadi, na hiyo kadi yenyewe itoeni kwenye pochi. Na siku ya Jumanne kuna washauri wa madeni pale maktaba. Hawatozi hata senti. Nendeni wote wawili. Mtu mmoja akibeba deni kimyakimya, anafanya mambo kama haya." Alimtazama Gethin, lakini kwa upole.

Gethin aligeuka kwa mkewe. "Nisamehe, Del. Nilipaswa kusema."

"Ungesema," alijibu Delyth. "Sasa shika upande huo wa shuka, umsaidie Bi Rhiannedd."

Walilipa siku ileile. Jumatatu Delyth alipiga simu. Alisubiri dakika arobaini akisikiliza muziki mbaya, lakini alipokata simu alikuwa akicheza jikoni peke yake. Kutoka sabini na moja, ada ilikuwa imeshuka hadi arobaini na nane. Na ngozi ya Cadno ilikuwa bado imo kwenye bima.

Jumanne walikwenda maktaba. Mshauri, kijana mpole mwenye ndevu, aliwaandikia madeni yote kwenye karatasi moja. Aliwasaidia pia kumwandikia mwenye duka la makochi, naye akakubali kusimamisha riba kwa miezi sita. Usiku ule Gethin alilala mpaka saa ya kengele.

Mwezi Februari, wakiwa matembezini ufukweni, Cadno aliokota chambo kilichoachwa na wavuvi, akakimeza pamoja na ndoano. Walimkimbiza zahanati. Gwenno alilia njia nzima. Mbwa alipasuliwa, ndoano ikatolewa. Bili ilikuwa pauni elfu mbili na mia tatu. Gethin aliisoma akiwa amesimama, akakaa. Kisha akatoa mia na hamsini waliyoiweka akiba, na bima ikalipa iliyobaki. Hawakugusa kadi.

Deni la kadi lenyewe liliisha mwezi Juni. Bado wana deni la makochi na mkopo wa boila, na pesa ya kadi sasa inakwenda huko. Jioni ya malipo ya mwisho ya kadi, Gethin alinunua samaki na viazi vya kukaanga, wakala kwenye ngazi za mbele, maana kulikuwa na jua.

Msichana aliyehamia nyumba ya mwisho alipita amebeba paka ndani ya kikapu. Uso wake ulikuwa umekunjamana.

"Vipi?" aliuliza Gethin.

"Bima ya paka imepanda. Naifuta kesho."

Gethin aliweka sahani chini, akafuta mikono kwenye suruali.

"Subiri kwanza, dada," alisema. "Paka wako anatumia dawa yoyote?"

Delyth alisogea kwenye ngazi, akampa yule msichana nafasi ya kukaa.